Pingamizi la Fundi Miwani

Milango ya ukumbi ilipofunguliwa adhuhuri ile, watahiniwa walimwagika barabarani, kila mmoja akitafuta mtu wa kubishana naye. Ulikuwa mtihani wa kuingia utumishi wa umma. Umati mzima ulikuwa unagombea nafasi chache za kaunta, na aliyetoka mle kimya labda alikuwa amelala ndani. Katikati ya msukumano huo alikuwamo msichana mmoja aliyevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikapigika, sketi ya bluu ya kuazima, na viatu vilivyokuwa vikimbana tangu asubuhi. Pasi alikuwa ameipiga mwenyewe. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, dobi katika duka la shangazi yake aliyemlea.

"Mimi nimejibu mama mwenye mtoto," alimwambia mwenzake. "Kichanga kinalia, jamani, umwambie mama yake arudi kesho?"

"Basi umekosa, dada," ilidakia sauti ya kiume nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, mwembamba, tai imelegea, miwani inang'aa utadhani imetoka dukani muda huo.

"Nimekosa kwa kipimo cha nani?"

Swali lenyewe lilikuwa hivi: afisa wa kaunta amebakiwa na muda wa kumhudumia mtu mmoja tu kabla ya kufunga. Mbele yake yupo kijana aliyefika wa kwanza asubuhi, na mama aliyefika mchana akiwa na mtoto mchanga. Ahudumiwe nani?

"Mwongozo wa Tume ya Utumishi unasema anayetangulia kufika ahudumiwe kwanza," alisema kijana.

"Na mwongozo huo huo, kurasa chache mbele, unasema wenye watoto wachanga wapewe kipaumbele. Au wewe uliishia njiani?"

"Niliusoma wote. Tena kwa miwani!"

Msichana alijikaza asicheke, akashindwa. Walibishana mpaka stendi, wakaacha mabasi mawili yapite, na la tatu lilipofika kijana akatoa simu mfukoni. "Nipe namba yako. Siwezi kuuacha ubishi huu hewani."

Ubishi ukahamia kwenye simu, na haukuchukua muda kugeuka kitu kingine. Kijana alikuwa fundi wa kukata vioo vya miwani katika duka moja la mjini. Msichana akampachika jina la Miwani, naye akaitwa Dobi. Siku waliyotajiana tarehe za kuzaliwa, Miwani aligundua kwamba amepitwa miezi michache.

"Shikamoo, dada mkubwa!"

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Sijala, mama. Njoo unilishe."

"Ukome!" alisema Dobi, na shavu lake likawaka moto kuliko pasi aliyoishika. Shangazi, aliyekuwa akikunja mashuka pembeni, aliguna tu. Mwanamke yule alikuwa na masikio ya kusikia simu ya mtu mwingine kupitia ukutani.

Matokeo yakabandikwa. Miwani alikuwa amepata, jina lake la mwisho kabisa kwenye orodha ya waliochaguliwa. Dobi alikuwa wa kwanza kwenye akiba. Walitofautiana alama moja, nayo ilikuwa ya lile swali. Kwa Tume, jibu lilikuwa kijana aliyetangulia kufika.

Dobi alimkumbatia Miwani mbele za watu, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Lakini aliporudi kwenye meza ya pasi, hesabu ilimjia yenyewe. Sheria ya Tume ilimruhusu mtahiniwa yeyote kuweka pingamizi dhidi ya swali. Akiweka, wakakubali kwamba majibu yote mawili ni sahihi, atalingana alama na Miwani. Na waliolingana, nafasi humwendea mwenye umri mkubwa. Kwa hiyo kumbe ajira aliyoililia miaka yote, ile ya kumpumzisha shangazi na mgongo wake mbovu, ilikuwa imekaa kwenye kiti cha mpenzi wake. Alishtuka kusikia harufu. Kola ya shati la mteja ilikuwa inaungua.

Miwani naye alipiga simu jioni hiyo. "Dobi, umeandika pingamizi?"

"Sina haja nayo."

"Huna haja nayo vipi? Mchana na usiku ulikuwa na ule mwongozo!"

"Nimesema sitaki. Kazi ya dobi inanitosha."

Miwani si mjinga, hesabu ile ile naye alikuwa ameipiga. "Unanihurumia," alisema taratibu. "Unaona nikinyang'anywa hii sitapata nyingine. Ndivyo unavyonichukulia?"

"Mimi sijasema hivyo!"

"Hukusema, lakini nimesikia." Akakata.

Dobi angemwambia tu kwamba anampenda, mambo yangeishia pale. Lakini alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo, na hakutaka kulitamka mara ya kwanza likaonekana kama bei ya ajira. Akangoja apigiwe. Miwani naye akangoja. Wakawa watu wawili wenye simu mkononi na viburi kifuani.

Kisha shangazi akarudi siku moja kutoka kupeleka nguo za wateja, hata mtandio hakuuvua. "Mwenzio nimemwona anaingia Tume. Kavaa ile suti ya kijivu uliyomfulia wewe. Nadhani kaenda kusaini ajira yake."

"Ana haki yake, shangazi."

"Haki anayo. Adabu ya kukupigia simu ndiyo hana."

Dobi aliinamia pasi ili shangazi asione uso wake. Alikuwa amemwachia nafasi kwa moyo mmoja, lakini hakujua kama kuachwa yeye mwenyewe kungeuma namna hii.

Simu ya Tume ilikuja akiwa na lundo la mashuka mkononi. Aliambiwa afike na vyeti vyake halisi.

Kaunta ya ajira ilishikwa na mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha kijani kichwani. "Hongera, mwanangu. Lile swali la mtoto mchanga limerekebishwa, majibu yote mawili yamepewa alama. Saini hapa."

"Mimi sikuweka pingamizi."

"Najua. Pingamizi lilikuja moja tu, na aliyelileta ndiye aliyekosa nafasi. Tangu nianze kazi hapa sijaona mtu akipinga jibu lililompa alama."

Dobi alishika ukingo wa kaunta. "Nikikataa kusaini, nafasi inarudi kwake?"

Mama yule alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Alisema utauliza hivyo! Akaniomba nikujibu, usithubutu."

Dobi alisaini huku machozi yakimdondoka, mama akiisogeza karatasi isilowe.

Duka la miwani lilikuwa na wateja wawili wameketi kusubiri. Dobi alipita moja kwa moja mpaka nyuma ya kioo, kwenye mashine ya kukatia. Miwani aliinua kichwa, vumbi la vioo kwenye aproni.

"Umesaini?"

"Nimesaini. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenizuia. Nilisoma mwongozo upya, Dobi. Ulikuwa sahihi kama mimi. Ningekaa kwenye kile kiti kila siku nikijua hivyo?" Akafuta miwani yake kwa pindo la aproni, ingawa ilikuwa safi. "Tena nilikuwa na hasira nawe. Sikutaka nafasi ya huruma."

"Haikuwa huruma, wewe! Nilikuachia kwa sababu nakupenda. Nilishindwa kusema, nikaona bora nipoteze kazi."

Mashine ilikuwa bado inazunguka bila kioo. Miwani aliizima.

"Sasa usinipende kwa shukrani," alisema, na sauti yake haikuwa imara.

"Kupenda nilianza zamani, kwenye basi la kwanza tulilolikosa. Shukrani imekuja leo, na hiyo nayo nitakuwa nayo siku zote, upende usipende. Asante. Asante, Miwani wangu." Akamshika mikono yote miwili na vumbi lake. "Jumapili njoo kwa shangazi, uje na mama yako. Ujieleze vizuri."

"Nijieleze kuhusu nini?"

"Kuhusu kunioa. Unataka niseme yote mimi?"

Mmoja wa wateja akakohoa. Miwani hakumsikia. "Na nikirudia mtihani mwakani nikafeli?"

"Utakuwa mume wangu aliyefeli. Utakuja?"

"Nitakuja, dada mkubwa. Hata leo nitakuja." Alicheka na kulia pamoja, akamvuta kifuani, blauzi nyeupe ikajaa vumbi na Dobi hakujali.

Simu ya Dobi ikaita. Alikuwa shangazi, ambaye subira haikuwa fani yake.

"Wewe mtoto, mbona kimya? Umepata?"

"Nimepata, shangazi."

"Kazi?"

"Na kazi pia."