Viti Viwili vya Mstari wa Sita

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa akina Audet, kila mtu alijua kazi yake. Rémi, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa nje akiondoa theluji mlangoni kwa sepetu. Mdogo wake Odile, mwenye miaka kumi na miwili, aliosha masufuria ya maharage. Mama yao Solange, dereva wa greda la theluji la mji wa Saint-Clovis, alikuwa amerudi kutoka zamu, amenyoosha miguu karibu na jiko huku akiwalaani madereva wanaoegesha magari katikati ya njia. Baba yao alifanya kazi migodini, mbali kaskazini, na alionekana nyumbani mara moja kwa mwezi.

Familia hiyo ilikuwa na viti vinne kwenye uwanja wa hoki ya barafuni, mstari wa sita, juu ya mlango wanaopitia wachezaji wageni. Tiketi za msimu mzima si kitu cha mchezo, bei yake humfanya mtu akune kichwa. Kwa hiyo walifanya kama majirani wao wote wa mstari ule: mechi nyingine waliziuza, na fedha zile zikawalipia mechi walizokwenda wenyewe. Muuzaji alikuwa Odile, kwa sababu mama yake akishika simu kwa vile vidole vyake vya greda, alibonyeza herufi tatu kwa mpigo.

"Mechi ya Val-Marin, unakumbuka masharti?" Solange aliuliza.

"Nakumbuka, Mama. Haiuzwi nje ya mji."

"Hata aje mtu na gunia la dola. Unamuuzia mtu tunayemjua, kwa bei ileile tuliyonunulia. Pale mstari wa sita tunakaa bega kwa bega na watu, mwanangu. Hatukai na maadui."

Sharti hilo halikuandikwa popote, ila hakuna mtu wa mstari wa sita aliyewahi kulivunja. Val-Marin ulikuwa mji jirani, na baina ya miji hiyo miwili hapakuwa na salamu ilipofika habari ya hoki. Kila mechi yao ilimwaga damu.

Odile alizijua habari hizo zote. Lakini siku chache nyuma alimsikia mama yake akisema kwamba mwaka huu bei imepanda mno, na huenda wakalazimika kuuza hata mechi za mtoano za mwisho wa msimu. Timu ya Saint-Clovis haijafika mtoano tangu Odile azaliwe, na safari hii ilikuwa inafika! Roho ilimuuma. Ndipo mtu mmoja aitwaye Sylvain alipomwandikia kwenye simu, akataka viti viwili vya mechi ya Val-Marin kwa bei mara tatu. Hakuficha kwamba anatoka Val-Marin. Odile akajiambia kuwa watu wawili tu hawawezi kuharibu kitu. Akauza.

"Nimewauzia binamu za mwalimu wetu wa hesabu," akamwambia mama yake bila kupepesa macho.

"Aha, basi sawa. Hao ni watu wa heshima," Solange akajibu, akaendelea na kahawa yake.

Jioni ya mechi theluji ilianguka kwa fujo na Solange akaitwa kwenye greda. Rémi na Odile wakaenda uwanjani peke yao. Kulia kwao kulikuwa na viti viwili vitupu, na baada ya viti hivyo, pembeni mwa ngazi, alikaa jirani yao wa siku zote, Mzee Fernand, mchimba madini mstaafu ambaye hakuna aliyekumbuka mechi aliyokosa.

"Nani wanakuja hapa leo?" Mzee Fernand akauliza, akigonga kiti kitupu.

"Binamu za mwalimu wangu," Odile akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Binamu hao wakaja. Walikuwa majitu mawili yenye shingo nene, na walipovua makoti, jezi za kijani za Val-Marin zikaonekana. Mstari mzima ukageuka. Rémi akamtazama dada yake.

"We Odile, hawa ndio binamu za mwalimu?"

"Sijui! Labda wamewapa watu wengine tiketi," akajibu haraka, kisha akatazama barafu.

Huko barafuni mambo yalikwisha chafuka. Kabla kipindi cha kwanza hakijafika katikati, mchezaji wa Val-Marin alimkumba beki wa Saint-Clovis kwa nyuma na kumbamiza usoni kwenye kioo cha ukingo, kioo kikatikisika mpaka mstari wa sita. Beki alianguka magoti. Alipoinuka, pua ilikuwa imepinda na damu inamchuruzika kidevuni. Hakungoja mwamuzi. Alitupa gongo, akatupa glavu, akamkamata mpinzani wake jezi na kuanza kumshindilia makonde. Moja, la pili, la tatu, yote ya uso. Wenzao nao wakatupa magongo, kila mmoja akajitafutia wa kupigana naye. Kipa aliacha goli lake na kuvuka uwanja mzima ili apate tu mtu wa kumpiga. Barafu nyeupe ikapata madoa mekundu, na watu elfu kadhaa wakasimama kupiga kelele: "Mpige! Mpige!"

Odile naye alikuwa anapiga kelele. Ndivyo walivyokua.

Sylvain, mmoja wa yale majitu mawili, alikuwa amepanda juu ya kiti, bia mkononi, anarusha ngumi hewani. "Ueni hao panya wa mgodini! Mvunje na meno!" Bia ikamwagikia kofia ya Mzee Fernand.

"Kijana, shuka basi kwenye kiti," mzee akasema kwa upole. "Yule pale anaumia. Na mimi umeniogesha."

"Nenda kanywe uji ulale, babu!"

"Uji nitakunywa. Wewe shuka kwanza."

Mzee Fernand akainuka, akamshika mkono ili amsaidie kushuka. Sylvain akaukung'uta ule mkono, akamgeuza mzee kwa bega na kumsukuma mgongoni kwa nguvu zake zote. Watu wote walikuwa wanatazama barafu. Ni Odile na Rémi tu waliomwona Mzee Fernand akiruka juu ya ngazi za zege, akigonga ukingo wa ngazi ya tatu kwa mdomo, na kubiringika mpaka chini bila kunyoosha mkono.

Rémi alipita juu ya viti, akamrukia Sylvain kifuani, wakaanguka wote wawili katikati ya viti. Akampiga konde la jicho, akampiga la taya. Mwenzake Sylvain akamkaba Rémi shingo kutoka nyuma na kumtwanga mbavu kwa goti. Rémi akamwuma mkono, akajinasua, akarudi kwa Sylvain, akapiga tena na tena huku analia kwa hasira. Odile alipiga mayowe akimwomba kaka yake aache, lakini masikio ya Rémi yalikuwa yameziba. Walinzi walipofika, walimkuta Rémi yuko juu, ngumi zina damu, na chini yake mtu mzima anayelia, "Nisaidieni! Ananiua kwa sababu ya jezi yangu!"

Mzee Fernand aliondolewa kwa machela, amefumba macho.

Kwenye ofisi ya uwanja, meneja, Bi Ginette Lessard, alisimama mikono kiunoni. Sylvain, akiwa ameshika barafu juu ya jicho, alisema kwamba yule mzee aliteleza mwenyewe kwenye bia, na kijana akapata kisingizio cha kuwavamia wageni.

"Muongo!" Rémi akafoka. "Amemsukuma! Odile alikuwa pale. Odile, waambie!"

Wote wakamgeukia. Odile aliwaza: akikiri kuwa ameona, watamuuliza zaidi. Watauliza watu hawa wamepataje viti vya mstari wa sita. Mama atajua.

"Sikuona," akasema. "Nilikuwa natazama uwanjani."

Rémi alimtazama tu, na mdomo wake uliopasuka ukabaki wazi.

"Basi," akasema Bi Ginette. "Rémi, hutakanyaga uwanja huu mpaka msimu uishe. Wala kutazama, wala kucheza."

Hilo la kucheza lilikuwa pigo kubwa kuliko magoti yote ya mbavu. Rémi alikuwa kipa wa timu ya vijana ya mji, na barafu ya kuchezea ilikuwa hiyo moja tu.

Mama yao aliambiwa kwamba binamu wale waliwapa watu wengine tiketi. Siku mbili zilizofuata, Rémi hakuzungumza na mdogo wake. Alikula akitazama sahani, begi lake la vifaa likiwa limefungwa sakafuni. Solange ndiye aliyeleta habari za Mzee Fernand. "Ana nyuzi kichwani na meno ya mbele yamekwenda. Hakumbuki kitu. Binti yake anasema basi, mzee ameshaanza kujiangukia ovyo, hatakwenda tena uwanjani. Tiketi yake anairudisha. Nimemkuta analia, Fernand yule! Anasema, 'Solange, miguu imenisaliti.'"

Kijiko kilimponyoka Odile. Kumbe hakuwa amemwangusha kaka yake peke yake. Mzee wa watu alikuwa amelala hospitalini akiamini kwamba amezeeka kwa siku moja. Aliona aibu. Akapiga moyo konde.

"Mama, hakuteleza. Nilimwona Sylvain akimsukuma. Na Sylvain nilimuuzia tiketi mimi, kwa bei mara tatu, na nilijua anatoka Val-Marin. Binamu za mwalimu niliwatunga."

Rémi aliinua uso. Solange aliweka kikombe mezani taratibu mno, na Odile akatamani mama yake angekitupa.

"Vaa koti," mama akasema.

Wakaenda wote watatu moja kwa moja kwa Bi Ginette. Odile alisema yote, akilia kamasi, bila kuruka neno. Meneja alimsikiliza hadi mwisho.

"Unajua kwamba uwanja unakataza kuuza tiketi kwa bei ya juu, na kwa maneno haya ninaweza kuwanyang'anya viti?"

"Najua."

"Halafu bado unayasema?"

"Kaka yangu hana kosa. Hapana, ana kosa la kupiga, lakini hakuanza yeye."

Bi Ginette akashusha pumzi. "Mtoto anayenitungia uongo asingejichagulia uongo wa kumponza mwenyewe. Sylvain na mwenzake hawataingia hapa tena. Rémi, wiki mbili utakaa nje, kwa sababu mtu akiwa chini hapigwi tena, unaita mlinzi. Baada ya hapo rudi golini kwako. Nanyi, Solange, viti viwili nachukua mpaka msimu ujao."

"Chukua," Solange akasema.

Hakuwapeleka nyumbani. Akawapeleka hospitalini, akamsukuma Odile mbele mpaka kando ya kitanda cha Mzee Fernand. Binti wa mzee, Huguette, alikuwa anamlisha supu. Odile alirudia habari yake mara ya tatu, na hii ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu uso ule uliovimba ulikuwa unamtazama.

"Subiri kwanza," Mzee Fernand akamkatiza. "Nilisukumwa?"

"Ndiyo, babu. Mgongoni, kwa mikono miwili."

"Nilisukumwa na jitu?"

"Jitu kubwa."

Mzee Fernand akajiinua kwenye mito, macho yanang'aa. "Huguette! Umesikia? Nilisukumwa! Sikuanguka, nilisukumwa! Kachukue tena tiketi yangu mara moja!" Akacheka na pengo lake lote, akaugulia maumivu, akacheka tena. Huguette mwenyewe akaficha uso, akicheka na kulia.

Solange akatoa bahasha. "Hizi ni fedha zote za Sylvain. Ni za meno yako."

"Nitatafuna nyama kwa fedha za Val-Marin!" mzee akasema. Kisha akaacha kucheka, akamshika Odile kifundo cha mkono. "Sasa nisikilize, mjukuu wangu. Kumuuzia adui kiti kulikuwa kosa, lakini makosa hayo wanafanya hata wenye mvi. Meno yangu yalivunjwa na yule jitu. Wewe ulinyamaza. Siku mbili nzima nimelala hapa nikijiona kikongwe, na kaka yako akiitwa mhuni. Ukiona ukweli na ukaufunika ili ujiokoe, jua kuna mtu mwingine unayemlipisha. Umenielewa?"

"Nimeelewa, babu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini yule pale bado," akasema, akaelekeza kidevu mlangoni.

Rémi alikuwa ameegemea ukuta, jicho lake limevilia damu, vifundo vya vidole vimefungwa bandeji. Odile akamwendea, akasimama mbele yake.

"Ulisema hukuona," Rémi akasema kwa sauti ya chini.

"Niliona kila kitu."

Rémi akavuta kofia ya sufu ya Odile ikamfunika macho, na akamwacha ashike mkono wake usio na bandeji mpaka wakafika kwenye gari.