Vipimo vya Matundu Saba

Mwaka ule vumbi lilikuwa limehamia kwetu na mizigo yake yote. Barabara iliyopita mbele ya nyumba ilikuwa ikichimbwa, malori ya kokoto yakipita tangu asubuhi, na kila nilipotoka shule kazi yangu ilikuwa ileile: kufuta meza, kufuta madirisha, kukung'uta mapazia, kisha kufuta meza tena. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilichoka kama mtu wa sitini.

Mama alichoka zaidi. Yeye ni fundi cherehani, na vumbi likiingia kwenye mashine uzi hukatika kila mara. Tulijaribu kuziba matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha, nyumba ikageuka tanuri. Ndipo Mama alipobuni kichujio chake. Alishona kitambaa cha matabaka mawili, akakizungushia mpira kama ule wa kiunoni mwa sketi, akakivalisha kwenye fremu ya mbao nyembamba zinazoteleza moja ndani ya nyingine. Tundu likiwa pana, unaivuta fremu. Likiwa dogo, unaisukuma. Kikichafuka, unakivua na kukifua.

"Ni kama sketi yako ya shule," aliniambia. "Ukinenepa, inakufuata. Lakini kichujio kina mwisho wake. Ukikivuta zaidi ya vidole vinne, nyuzi zinaachana na vumbi linapita."

Kwetu kilifaa sana. Habari zikamfikia Bibi Muuguzi, jirani yetu wa nyumba ya pembeni. Alikuwa muuguzi mstaafu mwenye pumu, na vumbi lile lilikuwa likimkaba. Aliomba vichujio vya matundu yake yote saba. Mama akanipa futi, daftari na kalamu.

"Pima kila tundu, upana na urefu," alisema. "Nyumba ile ni ya zamani, waashi walijenga kwa macho tu. Usiniletee vya kukisia."

"Sawa, Mama."

Nilikwenda nimenuna. Siku hiyo tulikuwa tumefanya mitihani miwili, na miguu ilikuwa mizito. Napanda kiti, napima, nashuka, naandika, nasogeza kiti. Matundu matatu ya sebuleni yalikaribiana kwa ukubwa, yakipishana kwa kidole kimoja tu. La nne lilikuwa chumbani, juu ya kabati refu. Nikalitazama, nikakitazama kiti, nikakikalia. Kichujio si kinavutika? Kwa nini nijitese bure? Nikaandika namba zilezile kwa matundu manne yaliyobaki, nikibadilisha moja hapa na moja pale ili zionekane za kweli. Hata mwandiko niliuremba.

Mama alishona siku tatu. Mtoto wa Bibi Muuguzi, dereva wa lori, ndiye aliyevifunga. Cha chumbani kiligoma, akakivuta kwa nguvu zake zote mpaka kikaenea.

Wiki moja baadaye, Jumamosi asubuhi, dereva huyo alibisha hodi kwetu, kofia mkononi.

"Dada, samahani kukusumbua. Mama yangu amezidiwa. Dawa yake ya kuvuta haikai mbali na mkono, na mto wake una vumbi la kuandikia jina. Hali ikiendelea hivi, kesho nampeleka hospitali."

Alipoondoka, Mama alipanda kiti. Kisha akavua kichujio cha dirisha letu, akashika mkasi na kuanza kukifumua.

"Nimejifanya mbunifu," alisema kwa sauti ya uchovu. "Mtu mzima anaumia kwa sababu ya sketi ya dirisha. Sitashona tena kitu hiki."

Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini Mama alikuwa akifumua kazi isiyo na kosa, na Bibi Muuguzi alikuwa akikosa pumzi.

"Mama, usifumue! Kosa ni langu. Matundu manne sikuyapima."

Mkasi ukasimama. "Namba umezitoa wapi?"

"Kichwani."

Aliweka mkasi mezani. Nilisubiri anifokee. "Vaa viatu," akasema tu.

Tundu la chumbani lilikuwa pana kuliko nilivyoandika kwa shubiri nzima. Kitambaa kilikonda hata niliona anga kupitia kwenye nyuzi, na tundu lenyewe lilitazama kitandani moja kwa moja. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mama akaliziba kwanza kwa karatasi, kisha akanishikia kiti. Nilipanda mpaka juu ya kabati, nikapima yote manne, kila moja mara mbili. Mchana uleule Mama alishona upya, akaongeza kipande cha tatu kwenye fremu ya chumbani. Kabla jua halijatua vichujio vilikuwa mahali pake.

Siku ya nne Bibi Muuguzi aliniita. Alikuwa ameketi, anapumua vizuri.

"Shikamoo, Bibi. Naomba unisamehe. Siku ile nilikuwa nimechoka."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hapa." Alinishika mkono. "Nimefanya kazi wodini miaka thelathini. Kuna siku nilichoka hata nikatamani kuandika homa moja kwa wagonjwa wote. Joto si linakaribiana? Lakini ukiacha nafasi wazi kwenye karatasi, mwenzako ataiona na kwenda kumpima mgonjwa. Ukiandika namba ya uongo, hakuna atakayekwenda. Kuchoka kunaruhusiwa, mjukuu wangu. Ukichoka, sema umechoka."

Juma lililofuata Mama alinituma kwenye nyumba nyingine yenye matundu sita. Nilirudi jioni, nikampa daftari. Alisoma, kidole chake kikasimama kwenye mstari wa mwisho uliokuwa mtupu.

"Na hili la sita?"

"Sijalipima, Mama. Nimechoka."

Mama alinitazama, halafu akacheka, mara ya kwanza tangu malori yaanze kupita.

"Haya, nenda ukale. Tutalipima kesho."