Swali Moja la Kocha Mbuke

Filimbi ililia kabla msichana wa Dodoma hajagusa sakafu. Hakuna mtu aliyeipuliza. Kwenye dari ya ukumbi wa Mwanza, ukumbi uliochongwa ndani ya mwamba, macho ya kioo yaligeuka yote kwa pamoja, na sauti tulivu ikatoka kwenye vipaza sauti.

"Faulo. Namba kumi na moja wa Dodoma ameumia. Mkosaji ni namba nne wa Mwanza."

Namba nne akainua mkono juu, kama kanuni inavyotaka, na mchezo ukaendelea.

Jina rasmi la mashine hiyo lilikuwa mwamuzi-hisi, lakini watu waliiita Bwana Haki. Kila mchezaji alivaa fulana-hisi, nguo nyepesi iliyosikiliza mapigo ya moyo wake na pumzi yake, ikampelekea Bwana Haki habari. Waliomtengeneza walikuwa wamechoshwa na wachezaji wa kujiangusha ovyo. Wakasema mtu anaweza kudanganya kwa mdomo na kwa miguu, lakini moyo haudanganyi. Basi mgongano ukawa faulo pale tu fulana iliposema kwamba aliyegongwa ameumia, na mkosaji akawa yule aliyekuwa karibu naye zaidi. Nchi nzima ilifurahi, na waamuzi wa zamani wakaenda zao kulima vitunguu.

Ila hakuna aliyemfikiria mtu kama Nyanzobe Masunga.

Nyanzobe, namba saba wa Mwanza, ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa ligi, na fainali hii ya mpira wa kikapu ilikuwa mabegani mwake. Robo ya mwisho ilikuwa imepamba moto, Dodoma wakiongoza kwa pointi moja. Alipokea mpira, akamzunguka mlinzi, akaruka. Nyemo, namba tisa wa Dodoma, akamchoma kiwiko ubavuni, kiwiko cha haja, hata waliokaa mbali wakakisikia. Mpira ukagonga ubao, ukatoka nje. Nyanzobe akatua kwa miguu yote miwili, uso mkavu, akarudi kukaba.

Filimbi kimya.

"Bwana Haki, nunua miwani!" mtu akapiga kelele jukwaani.

Sospeter, msaidizi wa kocha, aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Kocha, wanamuua mtoto hivi hivi tunaona!"

"Kaa chini, Sospeter."

"Nikae? Mwambie apige yowe basi! Mwambie atwete kama hao wa Dodoma. Wenzetu wana mwalimu wa kutweta, Kocha, wamemwajiri kabisa! Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu sisi ni ile fulana."

Kocha Mbuke Lugata aliendelea kumtazama Nyanzobe. Alikuwa mama mnene, mpole wa sauti, na hakuwahi kumfokea mwamuzi, awe wa nyama au wa nyaya. Si kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa nazo tele, na leo zilikuwa zimemfika kooni. Lakini aliamini kwamba kocha akigombana na mwamuzi, wachezaji wake huanza kumtazama mwamuzi badala ya kutazama kikapu. Kumfundisha Nyanzobe kujifanya ameumia nako alikukataa katakata. Mchezaji akishaonja pointi za uongo, kuruka humwia kazi ya bure.

Tena alijua kwa nini fulana ile ilikuwa kimya. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti huyo kuutuliza moyo, tangu akiwa kasichana ka miguu myembamba. Shika pumzi, iache polepole, kisha tupa. Alimfundisha akiwa amechoka, akiwa anazomewa, hata siku jino lilipokuwa likimuuma. Ukimgonga Nyanzobe, moyo wake hauna habari. Mbuke alijivunia sana kazi hiyo.

Akaomba mapumziko.

"Umeumia?" akamuuliza.

"Hapana, Kocha."

"Nyanzobe."

"Ni kidogo tu, Kocha. Niache nicheze."

Chupa ya maji aliipokea kwa mkono wa kulia, akaifungua kwa meno. Mkono wa kushoto ulibaki umebana ubavu. Mbuke akaliona hilo.

Kanuni zilimpa kila kocha swali moja kwa kila mchezo, nalo Bwana Haki alilazimika kulijibu mbele ya ukumbi mzima. Makocha wengi walilimaliza kwa ghadhabu: "Kwani wewe huoni?" Bwana Haki alijibu, "Ninaona," na mambo yakaishia hapo. Mbuke alikuwa amelitunza lake. Akaenda kwenye meza ya kamisaa, akakisogelea kipaza sauti, akasema kwa adabu kama anayeuliza bei ya sato sokoni:

"Bwana mwamuzi, pole na kazi. Naomba kujua, kiwiko kile kilipompata namba saba wangu, moyo wa aliyempiga ulikuwaje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Bwana Haki habari za mpigaji, ingawa naye alivaa fulana ileile.

"Moyo wa namba tisa wa Dodoma ulikwenda mbio kabla ya mgongano," sauti ikajibu. "Baada ya mgongano ulitulia. Imekuwa hivyo kila alipomgonga namba saba."

Hata watoto jukwaani walielewa. Anayemgonga mwenzake kwa bahati mbaya hushtuka baada ya kugonga; anayeshtuka kabla, alikusudia. Nyemo akainamisha kichwa. Kamisaa wa mchezo, mwanadamu pekee mwenye mamlaka juu ya Bwana Haki, akasimama na kutangaza kwamba kugonga kwa kukusudia ni kosa, aliyegongwa awe ameumia au hakuumia. Akamtoa Nyemo nje, akampa Nyanzobe mitupo miwili.

Nyanzobe akasimama kwenye mstari. Shika pumzi, iache polepole. Wavu ukacheza. Ukacheza tena. Mwanza mbele! Sospeter akamkumbatia mtu asiyemjua.

"Nyanzobe, toka," Mbuke akaita.

"Kocha!" Sospeter alishika kichwa. "Tunaongoza kwa pointi moja tu! Ukimtoa watatufunga."

"Na watufunge. Nina wengine, nao walikula ugali leo."

Nyanzobe alikuja akitembea wima, akaketi wima. Mbuke akakaa kando yake, akamshika kifundo cha mkono kama alivyokuwa akimshika zamani. Mapigo yalikwenda taratibu, lakini ngozi ya binti ilikuwa imelowa jasho la baridi.

"Hema sasa, mwanangu. Hakuna mtupo tena."

Nyanzobe akatikisa kichwa. Kisha pumzi yote ikamtoka, na ile aliyovuta badala yake ikamkata ubavuni. Akajikunja, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Mbuke alimjua tangu utotoni, na hakuwahi kukisikia kilio hicho.

Filimbi ikalia. Uwanjani wachezaji wakasimama, wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amemgusa mwenzake. Macho ya kioo yaligeuka yote kuelekea benchi la Mwanza, maana hakuna aliyekumbuka kuzima fulana za waliokaa nje.

"Faulo," Bwana Haki akasema, kwa sauti ileile tulivu. "Namba saba wa Mwanza ameumia sana. Mkosaji ni kocha wake."

Jukwaani watu wakaangua kicheko. Kamisaa akaanza kupunga mkono kuifuta hukumu, na Sospeter akafungua kinywa kutukana. Mbuke akamzuia kwa jicho, akamwambia akimbie kumwita daktari. Mkono wake mmoja ulikuwa umemkumbatia Nyanzobe. Ule mwingine akauinua juu, kama kanuni inavyotaka.