Lori Tuliloliita Serikali

Asubuhi kwetu huanza na ukungu. Humwoni jirani yako shambani, unamsikia tu akikohoa. Binti yangu Atupele hujifunga plastiki kiunoni, maana majani ya chai yanalowanisha, halafu anaingia kati ya mistari. Mimi namfuata. Tunachuma majani mawili na chipukizi, tunatupa kikapuni mgongoni. Shamba hili alilipanda mke wangu, marehemu Sekela. Aliushika kila mche kwa mkono wake.

Tukimaliza tunapeleka majani kwenye banda la kupimia, kando ya barabara. Tunangoja lori. Zamani likitokea bondeni watoto walipiga kelele, "Serikali inakuja! Serikali inakuja!" Na sisi wazee tulisema vivyo hivyo. Lori lilikuwa la mamlaka ya chai, na mamlaka ilikuwa ya serikali. Lilibeba majani. Lilileta mbolea. Mbao za daraja zikioza, walikuja watu wao na mbao mpya, wakagongelea, wakaenda zao. Hatukuuliza kitu.

Halafu wakubwa wakatangaza soko huria. Walitangaza kwenye redio, si kwetu. Kiwanda kikauzwa. Sisi tungejuaje? Lori lilikuwa lile lile. Dereva alikuwa Fred yule yule, na kofia yake ya sufu. Mlango tu ndio uliopakwa rangi mpya. Tukaendelea kuliita Serikali.

Mvua za mwaka ule zikachukua mbao za daraja. Wiki ile ile Sekela aliugua, akafa. Baada ya matanga tulirudi shambani, maana tumbo halijui msiba. Tukachuma. Fred akafika ng'ambo ya mto, akashuka, akatazama maji.

"Sivuki!" akapiga kelele.

"Vuka, bwana! Mbona siku zote unavuka?"

"Siku zote mbao zilikuwepo. Gari likizama, tajiri ananifukuza. Utaniajiri wewe, mzee? Nikufukuzie nyani?"

Akageuza gari. Jani la chai halina subira. Ukilishindilia kwenye gunia linapata moto. Kesho yake lilikuwa jekundu, linanuka. Tukamwaga.

Nikaenda mjini Tukuyu, ofisi ya serikali. Nikamwambia karani, "Lori lenu halivuki mto."

Akacheka. "Lori letu? Mzee, sisi hatuna lori. Nenda kiwandani."

Kiwandani bwana mmoja wa kampuni iliyokinunua akasema, "Sisi tunanunua chai. Barabara ni ya serikali."

Nikarudi kwa karani. Akasema, "Magari ya kampuni ndiyo yanayoharibu barabara. Watengeneze wao."

Miguu ilinivimba kwa kwenda na kurudi. Majani tukayamwaga tena, na tena. Chai usipoichuma inakuwa mti. Nikamwambia Atupele, "Naing'oa. Napanda viazi."

"Tata, ukiing'oa ndiyo basi. Mche mpya mpaka uuchume ni miaka."

"Sasa tule miti?"

"Na hivyo viazi vitavuka mto kwa mabawa?"

Nilichukua jembe. Mpaka jioni upande wote wa juu ulikuwa chini, mizizi imeelekea mbinguni.

Atupele hakulia. Alishuka mjini mtaa wa Bagamoyo, akamleta Andrea. Huyu alikuwa bwana shamba wa mamlaka. Kiwanda kilipouzwa alipunguzwa kazini, sasa anauza misumari kibandani.

"Ugonile, mzee Isakwisa," akanisalimu. "Weka jembe chini kwanza. Zamani nani alinunua chai yako?"

"Mamlaka."

"Nani alitengeneza daraja?"

"Mamlaka."

"Mamlaka ilikuwa ya nani?"

"Ya serikali. Unanifanya mtoto?"

"Basi sikiliza. Mfanyabiashara na serikali walikuwa ndani ya koti moja. Sasa koti limechanwa. Kampuni imechukua kazi ya kununua na kuuza. Serikali imebaki na kazi ya kutoza kodi, kutoa leseni na kutunza barabara. Lile lori si serikali. Ni la mtu na biashara yake."

"Na daraja lilichukuliwa na nani?"

"Hakuna aliyelichukua. Lilianguka katikati, wakati wanachana." Akakaa kwenye kisiki. "Lakini chai ikiuzwa, kuna ushuru wa mazao unakwenda halmashauri. Ushuru huo unakupa haki ya kuuliza. Usiwaendee mmoja mmoja. Kila mmoja atamtaja asiyekuwepo. Mwenyekiti aitishe mkutano wa kijiji. Diwani aje, na mtu wa kampuni aje, siku moja, pale mtoni."

"Ulijua haya yote, mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mimi mwenyewe nilichanika pamoja na hilo koti."

Mkutano ukafanyika mtoni. Diwani alikuja na viatu vinavyong'aa. Mtu wa kampuni alikuja na buti.

"Kampuni inapaswa..." akaanza diwani.

"Serikali ndiyo..." akadakia yule wa kampuni.

"Mpo wote hapa," akasema Atupele. "Semeni mkitazamana usoni, si mkitutazama sisi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikasimama, nikasema, "Mke wangu alivushwa hapa kwa machela. Gari lilishindwa kuvuka. Tulimfikisha hospitali ya Makandana amekwisha kata roho. Niambieni leo, mto huu una mwenyewe?"

Hakuna aliyecheka tena. Diwani akatazama viatu vyake. Mwisho walikubaliana, na mwenyekiti akawasomea waliyokubaliana mbele ya watu wote. Halmashauri itoe makaravati, yale mabomba makubwa ya kupitisha maji chini ya barabara, kwa fedha za ushuru. Kampuni ilete mawe na saruji. Sisi tuchimbe.

Wakatimiza, maana tuliwafuata kila wiki, wote wawili kwa pamoja. Lori likavuka. Upande wa chini wa shamba tuliukata mpaka usawa wa goti, ukachipua. Siku ya kwanza kupima, karani wa banda alichota majani yetu, akayanusa, akasema, "Mazuri." Atupele akanitazama. Nilifurahi, sikatai.

Lakini upande wa juu haukurudi. Sekela hakurudi. Wakubwa waliouza kiwanda hawajafika hapa kuona walichokiangusha, wala hawatafika.

Mvua ikinyesha, takataka zinaziba makaravati. Nachukua koleo, naingia majini, nazibua. Niliuliza hiyo ni kazi ya nani. Nikaambiwa tungoje mkutano mwingine. Maji hayangoji, kwa hiyo nazibua.