Kamba Juu ya Kaburi

Kila Jumapili baada ya ibada hupita nyuma ya kanisa. Mke wangu amelala pale. Kaburi nililijenga mwenyewe, maana mimi ni mwashi. Hufagia majani, humwambia habari za nyumbani, kisha huondoka.

Jumapili moja nilikuta vigingi vimepigiliwa chini. Kati ya kigingi na kigingi kulikuwa na kamba nyeupe. Asiye fundi angeiruka akaenda zake. Mimi nilisimama. Kamba ya kupimia msingi naijua. Ile ilipita juu ya kifua cha mke wangu.

"Hapa panajengwa nini?" nilimuuliza mzee wa kanisa aliyekuwa akifunga milango.

"Ukumbi. Mchungaji na sisi wazee tumeshaamua."

"Na makaburi?"

"Yatahamishwa, baba. Maendeleo hayo."

Yatahamishwa! Kama viti.

Tangu hapo chakula nilikiacha sahanini. Jirani alipopiga jembe shambani, nilitoka nje kutazama. Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa askofu. Karani akaniuliza, "Mkuu wa jimbo lako anajua?"

"Sijui habari za jimbo. Namtaka askofu."

"Anzia usharikani, mzee, halafu jimboni. Ndio utaratibu."

Nilirudi nikijua nimefukuzwa. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Hawa wakubwa wetu hata hawapigani, na nyasi tunaumia vilevile.

Shemeji yangu, dada wa marehemu, ni mshonaji. Yeye husali kanisa jingine. Nilimkuta kwenye cherehani yake.

"Shemeji, umekonda kama sindano! Kuna nini?"

Nikamweleza. Akafuta macho kwa kitambaa alichokuwa akishona. Kisha akauliza, "Mkutano wa usharika ulisemaje?"

"Mkutano wa nini? Mchungaji ndiye kanisa. Kashasema."

"Nani kakudanganya? Kaa hapo."

Akamwaga vifungo mezani. Akachukua kimoja. "Huu ni usharika wenu, kanisa lenu hilo moja." Akasogeza vingine kando yake. "Sharika za jirani zikiungana, ndilo jimbo. Lina mkuu wake." Akatenga mafungu mengine, akayakusanya yote pamoja. "Majimbo yakiungana, ndiyo dayosisi. Huko ndiko kwa askofu."

"Basi askofu ndiye mwenye kauli."

"Hata yeye si peke yake. Kuna mkutano mkuu. Majimbo hupeleka wajumbe. Wachungaji wamo, na waumini wa kawaida wamo. Hata wewe ungeweza, ukinyoa hizo ndevu."

"Na kwenu?"

"Kwetu hatuna askofu. Makanisa ya eneo moja yanaunda konferensi, tunachagua viongozi, na muda wao ukiisha tunachagua tena. Majina yanatofautiana. Lakini shabaha ni moja, kanisa moja lisijiamulie kila kitu peke yake."

"Na kiwanja chetu ni cha nani?"

"Uliza mkutanoni. Mara nyingi kiwanja si cha mchungaji, ni cha dayosisi. Kama ndivyo, makaburi hayaguswi bila ruhusa ya huko."

"Lakini yule karani alinifukuza."

"Alikuonyesha ngazi, shemeji. Mwashi gani anaanza na paa?"

Jumapili ya mkutano wa usharika nilikuta sururu zimeegemezwa ukutani, karibu na kaburi. Nikaingia, nikakaa mbele. Zamu ya maswali ilipofika, nikasimama.

"Mimi ni muumini wa hapa," nikasema. "Kiwanja hiki ni cha nani? Jimbo linajua? Dayosisi imeruhusu?"

Mchungaji akakohoa. "Kiwanja ni cha dayosisi. Maombi yetu yako njiani."

"Basi na sururu zikasubiri huko njiani!" akasema mama mmoja nyuma.

Watu wakacheka, kisha wakanyoosha mikono kupiga kura. Kazi ikasimamishwa.

Mkuu wa jimbo alikuja. Akatembea kando ya ile kamba, akiuliza kila kaburi ni la nani. Akalipeleka jambo kwenye halmashauri ya dayosisi, inayoamua mambo mkutano mkuu usipokaa. Tukasubiri. Kila asubuhi nilikwenda kuangalia kama mke wangu bado yupo.

Jibu lilisomwa kanisani. Ukumbi ujengwe, ila upande wa pili, penye uwanja mtupu. Makaburi yasiguswe.

Wakubwa bado siwaamini. Wasingeulizwa, wangechimba. Ndiyo maana sasa sikosi mkutano hata mmoja, na jimbo langu nalijua kwa jina.

Msingi mpya waliniita niupime mimi. Nilipomaliza nikaenda nyuma ya kanisa. Kigingi kimoja kilikuwa kimesahaulika miguuni pa kaburi. Nikaking'oa. Nikaziba tundu lake kwa kiganja.

"Lala sasa," nikamwambia.