Kitambaa cha Mtani

Kila asubuhi ya likizo Amira alifagia uwanja wa nyumba yao ya Kawajense, akachota maji bombani, kisha akamwagilia mchicha nyuma ya jiko. Wiki hiyo kazi ziliongezeka, maana dada yake, Mwanaiddi, alikuwa anaolewa. Nyumba ilijaa sufuria za kuazima, magunia ya mchele, na wageni ambao kila mmoja alijua kupika pilau kuliko mwenzake.

Wageni waliopendwa zaidi walitoka Kapalamsenga, kando ya Ziwa Tanganyika. Walikuwa shangazi, yaani dada wa baba yake Amira, na binti yake Hadia. Amira na Hadia walikuwa mabinamu, tena watani. Katika ukoo wao, mtoto wa kaka na mtoto wa dada wana ruhusa ya kutaniana mpaka wachoke wenyewe, na anayekasirika huonekana hajafundwa. Hadia alikuwa hata hajakaa vizuri kwenye mkeka, Amira akaficha kandambili yake moja.

"Mtani, bila samaki huendi popote," Amira alimwambia.

Hadia alifungua mzigo, akatoa migebuka mikavu, akakomboa kandambili yake. Jioni Amira alipiga funda la chai, akaitema. Ilikuwa na chumvi. Hadia alikuwa ameegemea mlango, anacheka huku amejishika mbavu. Nyumba nzima ilicheka naye, na Amira alicheka kuliko wote.

Hadia alikuja pia na kitambaa. Alikuwa anakifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, chenye maua pembeni, cha kufunikia sinia la vitafunwa litakalopelekwa ukweni. Kila jirani aliyepita alikishika, akakigeuza, akasema mtoto huyu ana mikono. Mwanaiddi alitamka wazi kwamba hakuna zawadi aliyoingoja kama hiyo. Amira alikuwa amesugua masufuria yote kwa jivu mpaka kucha zikamuuma, lakini yeye hakuambiwa na mtu kwamba ana mikono.

Mchana mmoja Hadia alikwenda kuoga. Kitambaa kilikuwa juu ya kikapu chake. Amira alivuta ncha ya uzi kidogo tu, na uzi ukaja. Akavuta tena. Ua la kwanza likafumuka, la pili likafuata, na mkono wake ukakataa kuacha.

Hadia aliporudi alikuta nusu ya kitambaa na rundo la uzi. Watu waliokuwa uwanjani wakageuka kumtazama.

"Mtani, leo nimekukomesha," Amira alisema haraka.

Baba yake, Mzee Zubery, aliangua kicheko. "Haya, nyie ndio watani. Hadia, mpwa wangu, mpotezee tu huyo."

Kina mama waliokuwa jikoni nao wakacheka. Hadia akacheka pia, kwa kuwa ndivyo mtani anavyotakiwa kufanya. Kisha akakusanya uzi wake, akaingia ndani.

Amira alijiona ameponea chupuchupu. Lakini jioni ile chai yake ilikuwa na sukari. Asubuhi aliificha tena kandambili ya Hadia, na Hadia akaivua ile iliyobaki, akaenda bombani peku bila kusema kitu.

"Nikusaidie ndoo, Amira?" Hadia aliuliza aliporudi. Alisema kwa adabu kabisa, na hakusema "mtani". Adabu hiyo ilimuuma Amira kuliko kofi.

Harusi ilikuwa Jumamosi, na sindano ya kufumia ilikuwa imelala kikapuni. Mwanaiddi alipouliza sinia litafunikwa na nini, Hadia alijibu kwamba wataazima kitambaa kwa jirani. Mwanaiddi aliitikia, lakini uso ulimshuka. Amira aliona, akakosa raha kabisa. Akamfuata shangazi yake, aliyekuwa anachambua mchele kivulini mwa ukuta.

"Shangazi, hivi Hadia amenisamehe?"

"Akusamehe nini?"

"Kitambaa."

"Si ulisema ni utani? Utani hausamehewi, mwanangu. Utani unachekwa, na Hadia amecheka."

Amira alichezea punje za mchele.

"Ile kandambili ulipoificha," shangazi aliendelea, "uliirudisha?"

"Niliirudisha."

"Na yale maua utayarudishaje?"

Machozi yalimlenga Amira. "Haikuwa utani, shangazi. Niliona wivu. Kila mtu anamsifia yeye."

Shangazi hakumkaripia. Alipeta mchele kwa ungo wake taratibu. "Hayo maneno ni ya Hadia. Mpelekee mwenyewe."

Hadia alikuwa chumbani anakunja nguo. Amira alisimama mlangoni, akayasema yote bila kuzunguka: kwamba alivuta uzi kwa makusudi, kwamba aliona wivu, na kwamba neno la utani alilitoa ili asigombezwe.

"Nilijua," Hadia alisema. "Ila wote walikuwa wanacheka. Ningelia, wangesema sijui utani. Nikakupotezea tu, lakini moyoni nilikuwa sijakusamehe."

"Na sasa?"

Hadia aliweka chini nguo aliyokuwa anakunja. Kisha akavuta kikapu, akatoa uzi na sindano. "Sasa kaa hapa. Maua nitafuma mimi. Wewe utafuma ukingo, na ukikosea unafumua mwenyewe."

Amira alikosea sana. Alifumua, akafuma, akafumua tena, huku Hadia akimwelekeza vidole. Kufikia Ijumaa jioni kitambaa kilikuwa kimekamilika, ila upande mmoja wa ukingo ulipinda kama njia ya mbuzi.

Siku ya harusi sinia lilitolewa uwanjani likiwa limefunikwa. Mwanaiddi alikigusa kitambaa, akatabasamu mpaka macho yakamlowa. Halafu akauona ule upande uliopinda.

"Na huku kumepatwa na nini?"

Hadia alipaza sauti ili wageni wote wasikie. "Huko kafuma mtani wangu Amira. Nadhani alitumia miguu."

Vigelegele na vicheko vikapanda pamoja. Amira naye alicheka mpaka kilemba kikamlegea, na furaha ikamjaa. Shangazi akawavuta wote wawili karibu.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Mtu akikukosea kwa bahati mbaya, unamwelewa. Akikukosea kijinga, kwa jambo dogo, unampotezea yaishe. Akikutania, unacheka. Lakini kosa la makusudi ukilifunika kwa kicheko, linabaki vilevile pale chini. Amira alilitaja kosa lake na akakaa kulitengeneza, ndiyo maana Hadia amepata cha kusamehe. Mkikosa, semeni mmekosa."

"Tumesikia, shangazi," Amira aliitikia.

Chai ikaletwa. Hadia ndiye aliyempa Amira kikombe chake, kisha akasogea pembeni na kuangalia juu kana kwamba anahesabu mabati. Amira alipiga funda moja. Ilikuwa na chumvi, tena nyingi. Akainywa yote.