Andazi Halina Lebo

Tarsis na mkewe Oktavia walikaanga maandazi karibu na soko la Makambako. Baridi ya asubuhi iliwaletea wateja wengi. Tarsis alikanda unga, Oktavia akakaanga. Wakiuza, Tarsis naye alikula, tena bila kujibana.

Kisha kifua kikaanza kumbana. Alipelekwa hospitali ya Ikonda. Daktari alimpa dawa za moyo, akamwonya aache mafuta ya mgando.

Oktavia alikuwa amejifunza kusoma ukubwani. Walipofika nyumbani, alilichukua kopo la mafuta, akajaribu kusoma maandishi ya nyuma. Yalikuwa madogo, na ya Kiingereza. Wakampelekea Nelly, afisa afya wa kata.

Nelly aliwaeleza kuwa hayo ni mafuta ya maji yaliyogandishwa kiwandani. Ugandishaji huo huweza kuleta mafuta mabaya yanayoziba mishipa ya moyo. Akasema ili kuwalinda watu, serikali inaweza kudai kopo liandikwe kilichomo, mnunuzi achague mwenyewe. Au inaweza kupiga marufuku, kiwanda kisitie kabisa mafuta hayo mabaya.

"Dada Nelly, mimi kopo naliona," alisema Oktavia. "Anayekula andazi langu halioni. Andazi halina lebo."

Kuanzia hapo alikaangia mafuta ya alizeti. Wateja wengine walinung'unika, wakahama. Tarsis aliingiwa na hofu, lakini mkewe hakurudi nyuma.

Baadaye wataalamu wa serikali walikuja kwenye ukumbi wa kata kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mafuta ya kula. Geofrey, mwenye duka la jumla, alisema lebo inatosha, kwa kuwa kila mtu ana macho yake. Oktavia akasimama.

"Lebo tunaitaka, tena kwa Kiswahili," alisema. "Lakini mama yangu hajui kusoma, na mtoto shuleni hachagui mafuta ya kupikiwa. Kibaya kizuiwe kiwandani. Kinachobaki, tuandikiwe tusome."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Wakaanga maandazi wenzake walikubaliana kuacha mgando bila kungoja sheria. Geofrey naye akaanza kuleta mafuta ya alizeti kwa wingi, na wateja waliohama wakarudi.

Tarsis aliporudi Ikonda, daktari alimwambia moyo unaendelea vizuri. Akamuuliza nani anamsimamia chakula.

"Mke wangu," alijibu Tarsis, akiketi wima. "Na si mimi peke yangu. Anasimamia soko zima."